Nusu ya Meza Sokoni Jericho

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Asubuhi ukungu, manyunyu hadi saa mbili. Nguo za jana hazijakauka.

Nimepiga pasi gauni la sita kati ya manane. Yamebaki la bibi harusi na la mamake. Jane, dada yangu, ametoka zamu ya usiku kiwandani akakuta cherehani inalia. Chumba kimoja, mmoja alale, mwingine ashone. Haiwezekani. Nimemwomba avumilie wiki mbili tu.

Jioni darasa la sheria ya biashara, ukumbi wa mtaa. Mwalimu Otieno ameanza mikataba. Nimenakili: Mmoja apendekeze. Mwenzake akubali vilevile, bila kugeuza. Kila upande utoe kitu. Wote wawe na nia ya kufungwa na neno lao. Kwa mapatano mengi karatasi si lazima.

Nilitabasamu peke yangu. Nimekwisha kufanya haya yote bila kuyajua majina yake. Mwezi wa Agosti Mama Nyokabi, muuza viazi wa soko la Jericho, alinipa neno: nimshonee magauni manane ya harusi ya bintiye, na nusu ya meza yake iwe yangu tangu Jumatatu baada ya harusi hadi mwisho wa Januari. Nikasema nimekubali. Akanipa ufunguo wa pili wa kibanda palepale. Ofisi ya soko nimeuliza, kugawana meza hakukatazwi.

Januari ni mwezi wa sare za shule. Nikiwa sokoni mwezi huo, nitapata wateja wa mwaka mzima. Nikiwa chumbani, hakuna atakayejua nipo.

Jumapili, 8 Novemba

Jua tangu mapema. Kanisani nimesinzia.

Jana wakwe walileta mahari kwa Mama Nyokabi. Nilialikwa. Nilikuwa jikoni na kina mama tukimenya ndizi, kisha tukaitwa sebuleni. Mama Nyokabi alisimama amevaa gauni la kijani nililomshonea, akageuka ili wakwe waone mgongo ulivyokaa. Akasema, "Mnamwona huyu Rosa? Ametushonea sote bila kudai chochote. Kwa upendo tu." Watu wakanitazama.

Mbele ya wakwe humsahihishi mwenye nyumba. Hata mtoto anajua. Nikasema, "Ni furaha yangu, mama." Vigelegele.

Sikupenda. Lakini yalikuwa maneno ya sherehe.

Jumatatu, 16 Novemba

Baridi, mawingu. Harusi ilikuwa juzi. Magauni yote yalikaa vizuri, hata mshono mmoja haukuachia.

Saa moja nimekodi mkokoteni, nimepakia cherehani, kiti na sanduku la nyuzi. Nimefika sokoni. Ufunguo hauingii. Kufuli ni jipya.

Kibanda kilipofunguliwa, nusu yangu ya meza ilikuwa imejaa beseni za plastiki. Nyuma yake amekaa Wambui, dada wa bwana harusi. Ameanza biashara leo.

Nilimwita Mama Nyokabi pembeni. Hakuaibika hata kidogo. Akaniambia, "Rosa mwanangu, si ulisema mwenyewe mbele ya wakwe kwamba ni zawadi? Zawadi haidaiwi." Kisha akapimia mteja viazi.

Nimerudi na mkokoteni ule ule. Majirani wameniona nikienda, wameniona nikirudi.

Magauni manane. Vifungo arobaini na vinne, kila kimoja kwa mkono. Zawadi! Mimi si mkwe wake, si mpwa wake. Nimekasirika hata chai imenishinda.

Jane alifungua jicho moja, akaona cherehani imerudi. Akasema ulimi uliponza kichwa. Akageukia ukutani.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua kuanzia alfajiri. Darasani nimeuliza swali kwa niaba ya rafiki yangu. Kijana wa nyuma akataka kujua kama huyo rafiki ni fundi na kama ana miguu mirefu kama yangu. Wamecheka. Sikujali.

Mwalimu Otieno hakucheka. Alisema maneno ya adabu yaliyosemwa baadaye hayavunji mkataba uliokwisha kufungwa, hasa ikiwa upande mmoja umemaliza kazi yake. Nikafurahi nusu dakika. Kisha akaongeza, "Lakini huyo rafiki atathibitishaje? Mapatano walisikia watu wawili. Zawadi imesikiwa na sebule nzima."

Nimeandika sentensi hiyo na kuipigia mstari mara mbili. Kalamu imetoboa karatasi.

Haki ninayo. Shahidi sina. Nani aliyeupanga ulimwengu hivi?

Ijumaa, 20 Novemba

Mawingu. Nimepeleka shauri kwa mwenyekiti wa kina mama wa soko. Atatusikiliza Jumanne. Ameniuliza kama nina hakika, kwa maana Mama Nyokabi ameuza pale tangu soko lijengwe na mimi sina hata kigoda. Nimesema ninayo hakika.

Hakika ninayo. Usingizi sina.

Jumanne, 24 Novemba

Asubuhi angavu, baridi ya vidole. Kikao saa nane mchana, nyuma ya vibanda, juu ya magunia.

Nilieleza kwa mpangilio: aliyopendekeza, niliyokubali, niliyotoa, nilichopaswa kupokea. Nilitoa ufunguo. Mama Nyokabi akasema alinipa nimwekee tu, kwa kuwa yeye hupoteza vitu. Kina mama wakacheka. Mwenyekiti akauliza nani alikuwepo siku ya mahari. Mikono saba ikainuka. Wote walinisikia nikisema ni furaha yangu. Nikasema ndiyo, nilisema.

Wambui alikuwa amekaa kando, hana habari na ugomvi. Nikakumbuka kwamba hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamwuliza, kwa heshima, aliambiwa nini alipopewa nafasi ile.

Akajibu bila kufikiri, "Mama aliniambia nusu hii ilikuwa ya fundi, lakini fundi ameikataa."

Mama Nyokabi akaanza kufunga leso yake upya.

Nikamwambia mwenyekiti, "Mtu hawezi kukataa kitu ambacho hakupewa."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Nyokabi na kumwuliza kama Wambui amesema uongo. Hapo nikaona alivyonaswa. Angemwitaje mkwe mwongo mbele ya soko zima? Adabu ile ile iliyonifunga mimi sebuleni kwake. Akasema polepole, "Hajasema uongo."

Wambui aliinuka kabla ya uamuzi. Alikuwa amefura kuliko mimi. Akasema hawezi kukalia jasho la mwenzake, akaanza kupanga beseni zake moja ndani ya nyingine. Mwenyekiti amempa mahali karibu na lango. Mimi kesho nianze.

Nilidhani nitafurahi. Nimeona hasira tu, kwamba ilibidi kikao kizima kwa jambo ambalo sisi wawili tulilijua.

Alhamisi, 26 Novemba

Jua la kadiri, upepo kidogo. Siku ya pili mezani.

Jana Mama Nyokabi hakunisemesha kutwa. Leo pia, hadi saa sita. Nimepata sketi mbili za kupunguza na mama mmoja ameuliza habari za sare za watoto watatu.

Baada ya saa sita kifungo cha sweta ya Mama Nyokabi kilidondoka kati ya viazi. Alikitafuta, akakiweka upande wangu wa meza. Akaniuliza, bila kunitazama, "Hiki nacho ni zawadi?"

"Hapana, mama. Kifungo kimoja kwa viazi vinne."

Akafikiri. Akasema amekubali. Nikashona, nikakata uzi kwa meno. Alihesabu viazi vinne mbele yangu. Kisha akachagua cha tano, kikubwa, akakiweka kando ya vile vinne. Akasema hicho ndicho zawadi.

Sijasamehe bado. Lakini nimekipokea.

Jane yuko zamu. Nimepika vyote vitano, nimemfunikia vyake kwenye sufuria. Cherehani imelala sokoni na chumba kiko kimya.

Saa tatu na robo. Nalala.