Bunad Haivaliwi na Miwani

Drammen, Septemba

Mpendwa Shangazi Borghild,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limekupa nafuu, na kuni za majira ya baridi zimeshapangwa ukutani. Sisi huku tupo. Mvua haijakatika tangu Agosti, na mimi bado nagombana na wahariri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, afya yangu ni njema.

Nakuandikia habari za mdogo wangu Gunnvor. Najua alikwambia kwa simu kwamba jicho lake la kulia liliingia vumbi na limepona. Halikuingia vumbi, shangazi, na halikupona.

Mwezi wa Aprili aliagiza lenzi za kuvaa machoni kwenye duka la mtandaoni. Duka lilimtaka ajaze namba zake, naye akachukua karatasi ya miwani yake akanakili: hasi kumi, macho yote mawili. Hakuna aliyemuuliza namba hizo zilikuwa za nini. Palipotakiwa kipimo cha mbinuko wa jicho, ambacho karatasi ya miwani haina, akabahatisha. Wanauza kitu cha kubandika juu ya jicho la mtu kama wanavyouza soksi, halafu wanauita huo uhuru wa mteja. Nimeshawaandika gazetini na nitawaandika tena.

Daktari wa macho alitueleza baadaye, kwa upole ulionikera. Kioo cha miwani hukaa mbali kidogo na jicho, kama upana wa kidole. Lenzi hulala juu ya jicho lenyewe. Kwa mwenye macho mabovu kama Gunnvor, pengo hilo dogo hubadilisha hesabu: kumi ya miwani kwake ilipaswa kuwa tisa ya lenzi. Hilo lilimpa maumivu ya kichwa tu. Kilichomponza ni mbinuko. Kila jicho lina umbo lake, na lenzi haina budi kujaribiwa juu yake. Yake ilibana. Daktari alisema ni sawa na kununua viatu kwa namba ya kofia. Gunnvor akacheka, akasema basi yeye alitembea navyo mpaka Oslo.

Maana alizivaa kila siku, apate kuzoea kabla ya sikukuu ya taifa, tarehe kumi na saba Mei. Siku yenyewe alivaa vazi la jadi, ile bunad uliyomshonea, akaandamana na watoto nyuma ya bendi, jicho jekundu kama bendera, akimwambia kila aliyeuliza kwamba ni upepo. Kesho yake jicho halikufunguka. Kidonda kilikuwa kimeingia katikati, pale pale pa kuonea. Hospitalini walikitibu kwa dawa, kikaacha kovu jeupe. Sasa kwa jicho hilo anaona mwanga na vivuli tu. Amerudisha funguo za basi la shule. Mwenye jicho moja haruhusiwi kubeba abiria. Watoto walimchorea basi lililovaa miwani.

Nilimbana aniambie kwa nini, mtu aliyevaa miwani tangu darasa la kwanza. Alikataa kwa majuma. Juzi akasema. Mwaka jana, sikukuu kama hiyo, mezani kwako, tukila uji wa malai, ulimtazama ukasema, "Gunnvor mwanangu, maua haya niliyoyatarizi yamenilia majira mawili ya baridi, na wewe unayavalia vitako vya chupa usoni? Bibi yako angezirai." Watu walicheka. Yeye alicheka kuliko wote.

Hukukusudia, najua. Walinzi wa bunad mko kila kijiji, mnakagua viatu, hereni, miwani ya jua, na siku zote nimeona ni mzaha tu. Sikuandikii ili nikushitaki. Nakuandikia kwa sababu ameikunja bunad, ameifungia sandukuni, anasema atakurudishia umpe mwenye sura ya kuivaa. Mpigie, shangazi. Habari za jicho usimuulize. Mwambie tu Mei ijayo aje nayo, na aje na miwani yake.

Nisalimie wote hapo Valdres, na majirani wanaonikumbuka. Gunnvor yuko jikoni kwangu anakaanga samaki. Ameniuliza namwandikia nani kwa nguvu hivi. Nimemwambia ni makala ya gazeti, juu ya lile duka. Akasema, "Wachape, dada. Ila shangazi usimtaje."

Mtoto wa kaka yako akupendaye,
Ragnfrid