Mdudu Mwenye Kikoti Kifupi

Mdogo wangu Lusajo,

Kosa la watu wengi ni kumkuta mdudu kwenye uozo na kudhani ndiye aliyeozesha. Na wewe, msomi wetu huko Dodoma, umelifanya kwa kuangalia picha kwenye simu.

Nilikutumia picha ya mgomba ulioanguka kwenye shamba letu la Matwebe, uone matundu ya fukusi kwenye shina. Hukuyaona. Uliona wadudu weusi, wembamba, wanaokimbia mikia juu, ukampigia Anyelwisye anayetutunzia shamba: "Choma matandazo yote, kesho upulizie dawa." Nilipomzuia akanijibu, "Dada, bosi ni kaka. Ongea naye mwenyewe." Simu zangu hupokei, basi naandika hapa kwenye kundi la ukoo, kila mtu asome.

Nakueleza taratibu, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa biolojia. Hao ni mbawakawa, ila mabawa yao ya juu ni mafupi, hayafiki hata nusu ya tumbo. Yule mwekundu na mweusi aliyewahi kukuunguza shingo ni ndugu yao wa mbali, hawa hawaunguzi. Jenasi yao haijulikani sana, hata mimi sina jina la Kiswahili la kukupa. Kazi yao naijua: wanaishi kwenye matandazo, chini ya majani yanayooza, na kula mayai na mabuu, ya fukusi yakiwemo. Ukichoma matandazo unawaua wao, fukusi aliye ndani ya shina anaendelea kula.

Na ulishaambiwa, Lusajo, tangu ukiwa mtoto. Mama alikuwa akikatakata mgomba uliovunwa, mvua inanyesha, ukaruka juu ya kikapu ukilia, "Nge, dada, nge!" Mama akamwokota mdudu kama hawa, akamweka kiganjani. "Nge gani huyu? Kavaa kikoti cha mtoto, tumbo lote nje. Mwache, analinda ndizi zetu." Siku nzima ulitembea umepandisha shati, tumbo wazi, ukisema wewe ndiye mlinzi wa ndizi. Baba alikuita Mlinzi mpaka ulipooa.

Leo Mlinzi ndiye anayeagiza kiberiti. Nimechoka, mdogo wangu, lakini zaidi naogopa. Migomba ile aliipanda mama kwa mikono yake, na mingine hatuna. Mashina mabovu tutayang'oa, fukusi tutawatega kwa vipande vya mgomba, kama yeye alivyofanya.

Mpigie Anyelwisye leo, umwambie asichome wala asipulizie.

Dada yako