Diski ya Yaya Bienfait

Kindu, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Papa Kalonji,

Nakusalimia kwa heshima yote ya mutoto kwa baba yake. Magoti yako iko namna gani? Joto ya Kalemie haikusumbui? Huku tuko wazima. Mama anakohoa kidogo lakini anaenda sokoni kila siku, na gereji yangu inatembea.

Florentin, kijana wa gereji yangu, aliporudi kutoka kwako alinifikishia maneno yako. Ulisikia nimenunua diski mupya za breki kwa jeep yetu, ukakasirika. Ulisema wakati wa vita mulikuwa munanyoa uso wa diski za zamani kwa mashine ya karakana ya reli, zinangaa, gari inaenda. Uliamuru nirudishe mupya, ninyoeshe za zamani.

Papa, sitafanya.

Sikununua ovyo. Muuzaji alinitolea za kwanza akasema diski zote ni moja. Nikahesabu tundu: tano, na zetu ziko na sita. Za pili tundu zilikubali, lakini zilikuwa nyembamba, hazina nafasi ya hewa katikati. Mu mitelemko ya njia ya Lubutu zingewaka moto. Akaniuliza mwanamuke anajua nini. Nikamuonyesha namba yenye iko pembeni ya diski ya zamani: unene ukienda chini ya milimita kumi na nane, unatupa. Akaleta za tatu. Hizo njo nilichukua.

Najua wakati ule wa vita hakukuwa na treni ya kuleta vyombo vya gari, muntu alifanya na chenye alipata. Kwa ile sikulaumu. Lakini iko neno nimelificha tangu mwaka wa 2001. Yaya Bienfait, mutoto wako wa kwanza, alipotumbukia mu muto na jeep ya aina hii hii, watu walisema alikuwa amelewa, na wewe ulisema hivyo hata kwenye matanga yake. Mimi, miaka kumi na sita, njo nilitumwa kuokota vitu vyake. Diski ya kushoto ilikuwa imepasuka vipande viwili. Ulikuwa umeinyoa juma lile lile. Niliifunga mu kitenge, nikanyamaza, maana nilikuogopa, na nilikupenda.

Juzi niliipima unene. Milimita kumi na moja.

Yaya hakunywa, Papa. Florentin anapanda treni na barua hii pamoja na ile diski. Ishike mu mikono yako, kisha umupigie mama simu, umuambie wewe mwenyewe. Mwezi huu ukiisha bila kumuambia, nitamuambia mimi.

Salamu kwa shangazi na kwa majirani wote wenye kunikumbuka. Kesho jeep inaenda Lubutu na diski mupya, na mimi njo ninaendesha.

Mutoto wako anayekuheshimu, asiyekuogopa tena,

Nathalie