Kaseti ya Waskoti Imekatikia Kasulu

Dada Neema, shikamoo.

Huku Kasulu ni mvua na baridi. Ile kaseti ya marehemu baba, ya wale vijana waimbaji wa Skotilandi ambao hata kwao hawakuvuma, ilinasa kwenye redio ya nyumba ya wageni, utepe ukakatika. Ulinikataza kusafiri nayo, nikabisha.

Nimeipeleka kwa fundi redio mmoja, mzee wa Kikongo. Aliuunga utepe taratibu, mimi nimesimama kando yake. Alipobonyeza, magitaa yakatoka mepesi, na yule dada mwimbaji wao akaimba kwa ile sauti yake ya haya, kama anayeogopa kusumbua watu. Mzee akaweka bisibisi chini.

“Ni banani hawa?” akauliza kwa Kiswahili cha kwao, yaani ni akina nani.

“Waskoti. Kaseti zao hazikununuliwa, wakarudi kwenye kazi zao.”

Alisikiliza upande mzima, kisha akaomba ainakili. Nilihofu itakatika tena. Lakini tangu baba afariki, hakuna mtu aliyewahi kutuomba kaseti hii. Nikamwachia.

Pale utepe ulipoungwa limepotea neno moja tu, katika wimbo wa tatu. Nisamehe, dada. Wakumbatie watoto, nawe ujifunike vizuri.

Mdogo wako,
Yohana