Shemeji anataka kukata sauti ya Gatesi

Mama Godelieve mupendwa wa radio, naomba unisaidie, lakini wacha nianze na aksanti, juu roho yangu imejaa aksanti mupaka sijui niiweke wapi, na njo hiyo aksanti imeniletea shida.

Mi ni Dorothée wa hapa Baraka. Bwana yangu Anatole alikuwa mwalimu wa kwaya. Mbele ya vita kuwaka huko juu ku milima, alikuwa anapandaka Minembwe kufundisha kwaya ya kule, Babembe kama sisi na Banyamulenge banaimba pamoja, na akirudi ananiletea fromaji, ile jibini ya kule, na nguo zake zinanuka moshi. Kisha ile vita ya makabila ikashuka mupaka hapa, nyumba ya shemeji yangu Dany ikaungua, sisi wote tukakimbilia Swima, simu yangu ikaanguka ku ziwa tukipanda mutumbwi, na kulekule Swima Anatole akashikwa na malaria akatuacha. Mutoto wetu Merveille alikuwa angali ku mugongo. Sasa anasoma, na kila mara ananiuliza, "Mama, papa alikuwa anaongeaka namna gani?" Mi najaribu kuiga sauti yake, batoto ba jirani banacheka, mi nalia.

Sasa sikia. Nilienda ku studio ya picha ya Nicolas, nitoshe picha ya Anatole, juu Jumamosi tunamaliza kilio yake, hatukuweza tangu wakati ule wa kukimbia. Nakuta mama mumoja Munyamulenge wa huko juu, Gatesi, amejifunika kitenge, amesimama karibu na mulango kama muntu anayetaka kutoka mbio. Simu yake ni ya zamani, kioo imepasuka, inajizima yenyewe, na anataka nyimbo zake zote ziingie ku kompyuta mbele ife kabisa. Nicolas amefungua blutusi, anasikiliza kila wimbo kidogo ku simu, kisha anautuma. Mama Godelieve, katikati ya zile nyimbo nikasikia bwana yangu anaimba! Nilipiga kelele mupaka bantu ba inje bakaingia. Gatesi ananiuliza, "Mama, mwalimu unamujua?" Nikamuambia, "Ni bwana yangu, dada. Alikufa." Akaketi chini ku sakafu ya simenti, akalia kunishinda.

Wimbo ule ni murefu, na kila ukifika katikati unakatika, lazima kuanza upya. Nicolas akaamuru bote bafunge blutusi zao, bantu bakafunga, hata mwenye hakuwa nayo alitosha simu akaifunga. Inje motari, mwenye pikipiki ya kumurudisha, anaita, "Mama wa juu, panda, barabara haitungojei!" Gatesi akavuta kitenge kufunika uso, juu tayari ku mulango kuna benye kuuliza huyu ni wa kabila gani. Akasema, "Motari aende. Wimbo upite kwanza." Akashika simu yake karibu na kompyuta kwa mikono mibili, hakuisogeza, mupaka ukapita, na kutoka kompyuta ukaingia ku simu yangu. Nikamuomba alale kwangu, akakataa, "Sitaki bakuseme." Alilala kwa mama muchungaji.

Merveille alipousikia aliweka simu ku sikio, akasema, "Kumbe papa iko na sauti ya kucheka." Naogopa ataimaliza simu kwa kusikiliza.

Shida njo hii. Unajua desturi yetu: siku ya kumaliza kilio, jamaa anasimama anataja kila mwenye kuleta kitu, na bote banapiga mikono. Wimbo utalia ku bafle, ile spika kubwa, kisha Nicolas atautuma ku simu za kwaya yote. Sasa mwisho wa wimbo Gatesi anasikika, juu njo yeye alikuwa anarekodi. Anacheka, anasema kwa luga yao, "Imana iguhe umugisha," ni kusema Mungu akubariki, na Anatole anamujibu, "Aksanti, dada. Uitunze." Basi, inaisha. Dany anasema ile mwisho ikatwe, luga ile isisikike ku kilio ya kaka yake, tuseme tu wimbo ulitoka ku kompyuta. Ameshatenga jogoo ya kumushukuru Nicolas na kompyuta yake! Nicolas anasema kukata ni rahisi, anangoja neno langu. Na Dany si mubaya, Mama, njo yeye alitujengea nyumba tunamolala. Nikikata namukosea Gatesi, nikikataa namukosea Dany, na Jumamosi iko karibu. Nifanye nini?

Dorothée, Baraka

MAMA GODELIEVE ANAJIBU

Dorothée mwanangu, majina yote nimeyabadilisha, hata lako, juu Baraka ni ndogo na radio inasikika mupaka ku jiko za bantu.

Pole kwa bwana yako. Na hongera tena, juu si kila mujane anarudishiwa sauti. Nimelia na barua yako mukononi. Sasa nimepangusa macho, tuongee.

Jogoo ya kompyuta! Ee, Dorothée, na wewe ukanyamaza? Kompyuta ilikimbia vita na wimbo ule? Kompyuta iliachwa na motari? Nicolas alifanya kazi yake vizuri, mumutaje kwa kazi yake na ale jogoo ashibe. Lakini blutusi inapitisha tu kitu ambacho muntu ametunza, na wewe unamujua aliyetunza.

Na wewe shemeji yake, kama unasikiliza, unajijua. Nyumba yako iliungua, ukajenga tena, ukamujengea na mujane wa kaka yako. Aksanti sana, baba. Sitakuambia usahau. Lakini yule mama hakushuka na kiberiti, alishuka na simu iliyopasuka, na huko kwao pia banazika bantu.

Dorothée, kuna kitu umeandika wewe mwenyewe na hukukiona. Bwana yako anamaliza na maneno gani? "Aksanti, dada. Uitunze." Ukimukata Gatesi, unamukata na Anatole. Yeye aliomba sauti ile itunzwe, na ilitunzwa, vita yote ile. Sasa sisi tukate mahali anaposhukuru?

Basi fanya hivi. Mwambie Nicolas leo asikate kitu. Aweke wimbo muzima ku kompyuta, ku simu yako na ku simu ya muntu mwingine, juu simu zinaanguka ku maji, wewe njo unajua. Kisha uende kwa mama muchungaji, atafute Gatesi, mumuulize. Usimuamulie! Siku hizi jina linaweza kumutia muntu hatarini barabarani. Akikubali, Jumamosi utasimama wewe mwenyewe umutaje kwa jina, wala usimwachie mwingine. Akiogopa, utasema "dada mumoja alitutunzia." Na kama anaogopa hata sauti yake isikike, wimbo usilie ku bafle wala usitumwe kwa kwaya, Merveille aendelee kuusikiliza nyumbani, muzima. Nusu hapana.

Dany usimupiganishe kwa maneno. Mupikie vizuri, umuheshimu kama desturi. Akisha kula, mupe simu, na Merveille aketi ku magoti yake, basikilize bote babili mupaka mwisho. Wewe ingia jikoni, osha sahani, funga kinywa. Kaka yake ataongea naye.

Na aksanti yako iliyokosa mahali, nimeipatia mahali. Merveille arekodi sauti yake ku simu, na muntu anayepanda juu aibebe, apitishe kwa blutusi ku simu ya Gatesi, na kama ile imekufa, ku simu yoyote iliyo karibu naye. Mutoto asisumbuke kutafuta maneno mengi. Papa yake ameshamwachia: "Aksanti, dada. Uitunze."