Baba Anawataja Mabingwa Wote, Jina la Mama Limemshinda

Mshauri, shikamoo. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mtoto wa kwanza kwetu, na nakuandikia kwa sababu nyumba yetu imegawanyika na nimebaki katikati.

Baba yangu alikuwa kinyozi, na kibandani kwake ndiko watu wa mtaa walikokwenda kumaliza ubishi wa mpira, maana kuta zote alizibandika picha za timu zilizotwaa Kombe la Dunia, na huku mashine inanguruma kichwani mwa mtu yeye anazitaja kwa mpangilio, Uruguay, Italia, Italia tena, halafu vita, halafu Uruguay, mpaka mteja anaondoka kanyolewa na kafundishwa. Mwaka jana akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamkauka, akitaka maji anasema "ile, ile", akitaka kuniita anagonga kiti, hadi asubuhi moja mdogo wangu, fundi wa majokofu, alipokuwa anamvisha shati akamtania tu, "Mzee, themanini na mbili alichukua nani?" Baba akajibu palepale, "Italia!" Tulilia kwa furaha, mama kutuzidi sote.

Basi furaha hiyo ndiyo iliyotuponza, kwa sababu mdogo wangu akaanza kuleta wenzake wa kazini, kila Jumapili sebule inajaa, wanamrushia baba miaka kama wanatupia kuku mahindi, "Sabini?" "Brazil!" "Sabini na nane?" "Argentina!" na makofi juu, na mama ndiye anayewapikia chai watu hao, yeye ambaye ndiye anayemgeuza baba kitandani, anamwogesha, anamlisha, na hajaitwa jina lake tangu ugonjwa uingie. Jumapili iliyopita baba alikuwa ametoka kujibu ya tisini na nane, Ufaransa, mama akaingia na trei, mgeni mmoja akamwonyesha kwa kidole, "Na huyu, Mzee, ni nani?" Baba akamtazama mama, midomo ikahangaika, akasema, "Ufaransa." Watu wakaangua kicheko, na mdogo wangu naye akacheka.

Mama akaweka trei sakafuni taratibu, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo. Pale mlangoni akaniambia, "Uruguay hawajamfulia shuka hata moja, lakini hao anawajua." Yuko kwa mama mdogo, mtaa wa pili, hataki hata kupokea simu.

Mdogo wangu anasema mama ana makuu, kwamba daktari mwenyewe alitaka Mzee azungumzishwe. Mimi namlisha baba lakini anafunga mdomo, anatazama mlango. Nimefikiria kwenda kumwambia mama kwamba jana baba alitaja jina lake, arudi tu, yaishe. Je, nitakuwa nimekosea?

Mshonaji niliyebaki katikati

JIBU

Mwanangu, marahaba, na pole sana. Ndiyo, utakuwa umekosea, na utamuumiza mama yako mara ya pili. Atarudi mbio, ataketi mbele ya mumewe, atasema "niite", na mzee wa watu atatoa Brazil. Hapo mfuko wa nguo utatoka tena, na safari hiyo hautarudi.

Kuna jambo ambalo inaonekana hakuna aliyewaeleza. Kitu ambacho mtu amekitaja kwa mpangilio miaka nenda rudi, kama wimbo au siku za wiki, mara nyingi hubaki mdomoni hata kiharusi kinapokwapua maneno mengine. Hao mabingwa wanajitokea wenyewe. Jina la mke linahitaji kutafutwa, na pale panapotafutwa ndipo palipoumia. Na neno lililotoka punde hung'ang'ania ulimi, ndiyo maana mama yako akaitwa Ufaransa. Hakusahauliwa. Mtu aliyesahau hafungi mdomo akilishwa na mwingine. Hilo la mlango ndilo ukamwambie mama yako, kwa sababu ni kweli.

Sasa huyo mdogo wako. Daktari alisema Mzee azungumzishwe, hakusema achezeshwe mbele ya hadhira. Mwambie hivyo bila kupepesa macho, wewe ndiye mkubwa wake. Hao wageni wa Jumapili wakome. Mabingwa waendelee, lakini wakiwa wawili watatu wa nyumbani, baba akichoka mnaacha, na asiulizwe tena "huyu ni nani". Badala yake mama akimshika mkono ajitaje mwenyewe, "ni mimi mkeo", bila kudai jibu. Rudini hospitali mkaulize mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, msijifanye madaktari sebuleni. Na mdogo wako ajifunze kumgeuza baba kitandani. Anaweza kubeba friji, baba hatamshinda.

Kicheko kile ni cha mdogo wako, basi msamaha akauombe mwenyewe, uso kwa uso, si kwa simu na si kupitia kwako. Lakini wewe tangulia, leo hii, ukitoka cherehani.

Na ukifika kwa mama yako mdogo, usianze na habari za baba. Barua yako nzima inahesabu maneno ya Mzee, yapi yametoka na yapi yamekwama, na hakuna mstari hata mmoja ambapo mtu alimuuliza mama yako anaendeleaje. Keti karibu naye, umuulize hilo, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.