Taa za Njia Panda na Taulo za Mama

Saluni ya Kinyozi,
Njia Panda, mkabala na Duka la Vitambaa.
Jumamosi, 15 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo? Mumeo hajambo? Na hao wapwa zangu, bado wanalia wakiona mkasi, au mmeshampata kinyozi mwenye subira kama mjomba wao? Mguu wako ulioteguka kazini umepona kabisa, au unatujibu "nimepona" huku unachechemea?

Sisi hatujambo. Wifi yako ana mafua yasiyoisha. Yeye anasema ni vumbi la barabara, mimi nasema ni ugomvi unaotafuta pa kutokea. Watoto wanakua kwa kasi na viatu havidumu. Habari za Mama nitazieleza kwa kirefu huko chini, kwa hiyo usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kurasa za vitabu vya shule.

Barua yako niliipata. Uliniuliza jambo moja, nalo ndilo lililonichelewesha kujibu: je, wakati umefika Mama aache chumba chake cha peke yake, aje kukaa kwangu, au umchukue wewe huko? Ningekujibu siku ile ile, lakini hapo katikati zikaingia taa za barabarani. Najua unasema kaka ameanza. Vumilia, mambo haya mawili yanakutana.

Unaikumbuka njia panda iliyo mbele ya saluni yangu, na zile taa zake ambazo mtu akiwa na haraka huwa nyekundu. Basi, lori la matofali lilikuwa likirudi nyuma, utingo anapiga kelele "njoo, njoo, njoo," likalipanda kasha la umeme la taa na kulilaza chini. Taa zote zikafa papo hapo. Nilikuwa na mteja kitini, povu limejaa kidevuni, nikauweka wembe mezani maana nilijua sasa hivi tutasikia vyuma vikigongana.

Hatukusikia kitu. Unajua kiti changu kinaelekea kwenye kioo na mlango uko nyuma, kwa hiyo barabara yote naiona kiooni, magari yakipita upande usio wake. Miaka yote nimeitazama hivyo bila kuitilia maanani. Siku hiyo nikaitazama kweli. Gari linafika, linapunguza mwendo, dereva anainua macho kumtafuta mwenzake, mmoja anatikisa kichwa, mwingine anapita. Foleni iliyokuwa ikifika hadi kwenye duka la mikate ikayeyuka. Wateja waliozoea kuingia wamefura kwa hasira wakawa wanaingia wakipiga mluzi.

Jambo hilo lilininyima raha. Iweje taa zilizowekwa ili magari yaende, zikizimika ndipo magari yanakwenda? Kila aliyekaa kitini nilimuuliza, na mtu mwenye wembe shingoni hujibu vizuri.

Kaka yake wifi yako, yule dereva wa teksi tunayemwita Mwendo, alikuwa na jibu tayari. Alisema taa haina macho. Inamsimamisha mtu mbele ya barabara tupu, hakuna gari wala mbuzi, anachoma mafuta bure huku akiitazama nyekundu kama mtoto aliyepewa adhabu. Bila taa, alisema, kila dereva anaogopa kidogo, na anayeogopa hakimbii. Alisema hayo nikiwa nimemfunga kitambaa shingoni, akirusha mikono mpaka nywele zikaingia kwenye chai yangu.

Fundi viatu hakukubali. Yeye anakaa pale kwenye kona na anaona ambayo kioo changu hakiyafikii. Jioni moja alinivuta nikasimame naye, na kweli, saa za watu kutoka kazini mambo yaligeuka. Kila dereva alitanguliza pua ya gari lake, magari manne yakakutana katikati yakafungana, asiwepo wa kwenda wala wa kurudi. Mwenye lori alipita kwa sababu ni lori. Gari la mafunzo ya udereva lilisimama pembeni likisubiri kukaribishwa, likaendelea kusubiri, hadi mwalimu akashuka, akaenda kununua gazeti, akarudi, na mwanafunzi wake bado yuko pale pale ameshikilia usukani kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mchana taa ni kizuizi na jioni ni msaada? Au kosa si la taa bali ni la muda zilizopangiwa? Nililala na maswali hayo na kuamka nayo, hadi wifi yako akasema kama nazipenda hivyo nikazioe.

Lakini wateja wangu wengi ni wa mchana, nami nikajikuta upande wa Mwendo. Tuliposikia kwamba halmashauri inaita mkutano katika ukumbi wa shule ili wakazi waseme kama taa zitengenezwe au ziondolewe moja kwa moja, tulikubaliana nizungumze mimi. Yeye akizungumza, mkutano hugeuka ugomvi.

Sasa nakuja kwa Mama. Unajua taulo za saluni ni kazi yake tangu Baba atutoke. Anazifua, anazipiga pasi, anazikunja pembe kwa pembe, na kila asubuhi anavuka barabara na kapu lake, analiweka juu ya meza yangu, anakaa kwenye benchi na kumwambia mteja kwamba nimemnyoa vibaya. Hataki kusaidiwa. Ukimpokea kapu kabla hajaifikia meza, anakuuliza kama umesikia amekufa.

Baada ya taa kuharibika, taulo ziliendelea kuja lakini Mama hakuja. Siku moja zililetwa na fundi viatu, nyingine na muuza magazeti, nyingine na mwanamke nisiyemjua kabisa, aliyesema kuna mama ng'ambo amemtuma. Nilipompitia jioni, Mama alisema ni goti. Wifi yako, ambaye humpitia akitoka sokoni, akasema goti gani, jana nimemkuta juu ya stuli anafuta madirisha. Nikacheka tu. Nilidhani amechoka kuiona sura yangu.

Asubuhi ya siku ya mkutano nilikuwa namnyoa ndevu mwalimu mmoja mstaafu, upande mmoja tayari na mwingine bado, nikamwona Mama kwenye kioo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, upande wa kwake, kapu mkononi. Akashusha mguu, akaurudisha. Gari likasimama kumpisha, dereva akampungia mkono apite, akampungia tena, na Mama yuko pale pale anatazama mbele. Dereva akachoka akaenda zake. La pili hivyo hivyo. Kisha akamgeukia mpita njia, akamkabidhi kapu na kumwonyesha mlango wangu kwa kidole.

Nilimwacha mwalimu na povu lake, nikavuka. Mama hakunitambua mpaka nilipofika karibu kabisa, na hilo nalo sikulipenda. Nikamuuliza mbona havuki, na magari yanasimama kumsubiri. Akajifunga mtandio wake upya ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Yanasubiri?" akasema. "Mimi naona vioo tu, mwanangu. Ndani ya kioo simwoni mtu. Taa ndiyo niliyokuwa naiona."

Halafu akanishika mkono wa shati.

"Usimwandikie mdogo wako. Mtanihamisha."

Mdogo wangu, nililia pale pale ukingoni, mtu mzima, nimeshika wembe, watu wanapita. Siku zote zile nilizokuwa nikisifu jinsi madereva wanavyoelewana kwa kutazamana, sikujiuliza hata mara moja anafanyaje yule asiyeyaona hayo macho ya kutazamana nayo. Na lililoniuma zaidi ni kwamba taa zile zilimsaidia vizuri mno, hata sisi wanawe tusijue kwamba haoni. Alikuwa anavuka kwa rangi na kwa mazoea, anaingia saluni, anakosoa kazi yangu kwa sauti, na mimi nasema Mama bado yuko imara. Kama lile lori lisingerudi nyuma, tungejua lini?

Jioni nilikwenda mkutanoni na hotuba ya kuziondoa taa, nikasimama, nikasema zitengenezwe. Mwendo alinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Nilisema tu kwamba njia panda si ya magari peke yake, na kwamba wapo wanaovuka ambao hawawezi kuombana njia kwa macho. Sikumtaja mtu. Mhandisi wa halmashauri, kijana mpole, alisema taa zinaweza kupangwa upya zisimsimamishe dereva mbele ya barabara tupu, na wanaokwenda kwa miguu waongezewe muda. Nikamuuliza kwa nini hazikupangwa hivyo tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza, na nadhani alisema kweli. Watu wakanyoosha mikono, taa zikashinda.

Mwendo alininunia. Alikwenda kunyolewa kwingine, na kichwa chake kikatoa ushahidi. Mimi sikumweleza habari za Mama kwa kuwa nilikatazwa, lakini dada yake alimweleza, maana unamjua wifi yako, siri kwake hailali.

Tulimpeleka Mama kwa daktari wa macho kwa ubishi mwingi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji, na wataanza na jicho la kulia mwezi ujao. Tulipokaribia nyumbani akasema amekubali, lakini kwa sharti kwamba arudi kwenye chumba chake na pasi yake. Nilipomwahidi, ndipo akaniruhusu nikuandikie.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tusimhamishe. Najua unalala ukiwaza kwamba ataanguka peke yake, na mimi nawaza hivyo hivyo. Lakini nilimwona uso wake pale ukingoni, na hakuwa anaogopa magari kama alivyokuwa anatuogopa sisi. Nakuomba uje wewe. Uje ukae naye katika chumba hicho hicho wakati jicho limefungwa, umpigie pasi taulo, na umwache akukosoe jinsi unavyozikunja.

Taa zilirudi wiki iliyopita. Asubuhi yake nilikuwa na mteja kitini nikamwona Mama kwenye kioo, kapu mkononi, anasubiri. Magari yakasimama, akaanza kuvuka. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sitamfuata, lakini wembe niliuweka chini. Wiki zile za hofu zimezifupisha hatua zake, na ule muda aliousema mhandisi hawajauongeza bado. Alikuwa katikati ya barabara magari yalipowashiwa kijani.

Gari la mbele lilikuwa teksi ya Mwendo. Mwendo huyo huyo, ambaye tangu tumjue hajawahi kuiacha kijani ipite bure. Alizima injini. Honi zikaanza nyuma yake, zikapokezana hadi kwenye duka la mikate. Yeye akatoa mkono nje ya dirisha, akaunyoosha kuwazuia wa pembeni, wala hakugeuka. Mama akaja taratibu akiangalia miguu yake, akapanda ukingo, akaingia saluni na kuweka kapu mezani. Huko nje taa ikarudi nyekundu, na foleni nzima ikabaki ilipo.

Sasa niambie wewe uliyesoma kuliko mimi: hapo aliyesaidia ni taa au ni mtu? Na wale waliocheleweshwa nyuma, tuseme walizuiwa au walisaidia bila kujua? Mimi sijui, na bado nawauliza wateja. Mwendo amerudi kunyolewa kwangu. Hatukulizungumza, ila nasikia amewaambia wenzake wote wa kituo cha teksi, na tangu siku ile kila asubuhi hapakosi gari la mbele lisilokuwa na haraka.

Wifi yako anakusalimu kati ya chafya mbili. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wameshaanza kugombania nani atalala chini ukija na wapwa zangu. Fundi viatu anasema sandali zako bado ziko kwake, na hajui kama ulizisahau au ulizitupa kwa heshima. Nisalimie mumeo, niwabusie wapwa zangu. Mungu akufungulie njia na akufikishe kwetu salama.

Mama naye anakusalimu sana. Yuko hapa kwenye benchi ninapoandika, na amenitaka nikuandikie maneno yake bila kupunguza wala kuongeza: kwamba taa hizi za sasa ni nzuri kuliko zile za zamani, kwa sababu hizi zinamsubiri mtu mpaka afike. Nimekuandikia kama alivyosema.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, na mlango uko wazi,

Kinyozi